Bwana Yangu Alijifunza Kikakwa

Wewe, kama mtoto anakuja kwako kuuliza habari ya mapenzi tu, sufuria anabeba ya nini?

Mimi nilikuwa nimekaa kwa mlango, hapa hapa Awindiri, mtaa ya Arua, natoa maganda ya muhogo, nikaona boda inasimama na mjukuu yangu ya kike anashuka. Huyu ndiye anaandika vitabu. Kitabu yake moja imeshatoka, iko na picha ya mwanamke mbele, anaangalia mbali kama mtu anangoja basi. Akashuka na begi, na pasi ya nguo, na sufuria mbili, moja ndani ya ingine, na amefunga kitambaa kwa mdomo kama mtu iko na mafua. Akasema, Bibi, nimekuja kukaa na wewe kidogo, naandika kitabu mpya ya mapenzi, nataka kujua wewe na babu mlipendana namna gani. Nikasema karibu. Nikapokea sufuria. Chini bado ilikuwa na masizi ya jana. Mtu akibeba sufuria na masizi yake, huyo hajasafiri, amekimbia.

Alitoa kitambaa wakati ya kula. Mdomo ya juu imevimba, imepasuka, na kwa shavu iko alama ya vidole, mpaka ile ya pete unaiona. Sikupiga kelele. Nilimpa mchuzi bila pilipili. Akala pole pole, akaniambia mwenyewe: bwana yake amempiga. Si mara ya kwanza, lakini hii ndiyo kubwa. Sasa bwana analia kwa simu, ameapa kwa kaburi ya baba yake, na Jumapili baada ya misa anakuja na pikipiki kumchukua.

"Bibi, mimi sijui kama nitapanda ama sitapanda," akasema. "Bado nampenda. Babu watu wote wanasema alikuwa mkali, na siku ya mazishi yake ulilia mpaka ukaanguka. Niambie ile kitu ilikuwa nini."

Basi swali ilikuwa hiyo. Na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Usinicheke. Huu uzee yangu yote watu wananiuliza dawa ya minyoo, wananiuliza mpaka ya shamba iko wapi na nani alizikwa wapi. Mapenzi hakuna mtu aliniuliza. Nikasogeza kiti, nikafunga kitenge vizuri, nikafunguka kama redio.

Lakini kwanza alinisomea kidogo ya ile kitabu mpya, nijue anataka namna gani. Mwanamke wa ndani ya kitabu anasimama kwa dirisha. Anafikiri. Mvua inanyesha, yeye anafikiri. Bwana anaingia, yeye anafikiri. Nikamuuliza huyu mtu anapika saa ngapi. Akacheka, halafu akashika mdomo kwa maumivu. Akasema hiyo ndiyo maisha ya ndani, Bibi, mambo ya roho. Nikamwambia nyumba yetu haikuwa na dirisha. Roho yangu mimi ilikuwa inakaa mkononi. Sikiliza.

Mimi ni mtoto ya Abuku, kule Koboko. Mkakwa. Nilisoma mpaka darasa ya pili, nikajua kuandika jina yangu, baba akasema inatosha, tumbaku inangoja. Siku moja lori ya jeshi ikapita kwa barabara yetu mbio mbio, ikakanyaga mbwa yetu. Mbwa ya kuwinda, nimemlea mwenyewe. Matumbo yote kwa vumbi, na bado anatikisa mkia akiniona. Lori haikusimama. Nikaokota jiwe, nikatupa, taa ya nyuma ikapasuka paa. Hapo ndiyo ilisimama. Watu wote wakakimbia, hata kaka zangu waliingia ndani ya tumbaku wakalala chini. Mimi nikabaki, nikaokota jiwe ya pili. Dereva akashuka, mrefu, mweusi tititi, shati imepigwa pasi. Akaja mpaka karibu, akaniuliza kwa Kiswahili ya kambi:

"Wewe ni nani?"

Sasa hiyo swali hakuna mtu alishaniuliza. Kwetu watu wanauliza wewe ni mtoto ya nani. Nikasema mimi ndiye nimepiga taa. Akaangalia mkono yangu, akauliza, na hiyo ingine? Nikamwambia hiyo ni ya kichwa yako. Akacheka. Akaenda akabeba mbwa yangu na mikono yake, damu ikaingia kwa ile shati safi, akachimba shimo, akazika. Baada ya mavuno akarudi na wazee wake kuniomba.

Yeye alikuwa Mlugbara, kwao hapa Arua. Kikakwa na Kilugbara hazisikilizani hata kidogo. Basi katikati yetu ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili yenyewe ile ya jeshi. Unajua ile? Simama. Kaa. Leta. Nyamaza. Twende. Maneno ya kupenda hakuna ndani. Akitaka kusema nimependeza, anasema, wewe iko sawa. Mimi nikitaka kusema nilimkosa, nasema, umechelewa. Tulipendana hivyo, kama watu wawili wanasukuma lori kwa matope. Lakini kwa Kikakwa mimi nilikuwa mtu ingine. Kwa Kikakwa mimi ni mchekeshaji. Nikifungua mdomo kule Abuku, hata mgonjwa alikuwa anaamka anakaa. Kwa Kiswahili nilikuwa kuruta tu. Bwana yangu alioa nusu. Ile nusu ingine hakuwahi kuisikia, ilikuwa inakaa ndani peke yake, inangoja mgeni kutoka nyumbani.

Mjukuu hapo alianza kuandika kwa simu mbio mbio, vidole gumba zote mbili. Akasema, hiyo, Bibi, hiyo ndiyo natafuta.

Nikamwambia ngoja.

Mgeni akaja. Muuza tumbaku kutoka Koboko, na mzigo yake kichwani, akapita kwa ua, nikamsalimu Kikakwa. Akashusha mzigo, akanipa habari ya mzee moja kwetu alianguka ndani ya choo siku ya harusi yake. Nikamjibu, naye akanijibu, tukacheka mpaka nikashika ua nisianguke. Bwana yangu alikuwa nyuma ya nyumba. Akasikia mke yake anacheka kicheko ambayo yeye hajaisikia hata siku moja. Neno hata moja hajui. Akaona tunamcheka yeye.

Alipiga mzigo teke kwanza, tumbaku ikamwagika, ile mwanaume akatoka mbio. Halafu akarudi kwangu. Ngumi ilipiga hapa, unaona hii nafasi? Jino ilitoka, nikaimeza. Akanikamata nywele, akanivuta mpaka kwa kinu. Hapo ndiyo alikosea, kunipeleka kwa kinu, kwa sababu mchi ilikuwa ndani. Nikaishika na mikono miwili, nikampiga kichwani kama natwanga. Kichwa ikafunguka. Damu ikaruka mpaka kwa ukuta. Akakaa chini, akaniangalia, akasema taratibu tu, "Sasa wewe umeniua," kama mtu anasema mvua inakuja. Nikapasua shuka, nikamfunga.

Ile muuza tumbaku alikuwa ameangalia nyuma pale kwa kona, akaona damu kwa nguo yangu. Akabeba hiyo habari mpaka Koboko.

Sasa, huku kwetu, Mkakwa ama Mlugbara, damu ya mtu si yake. Ni ya upande ya mama yake. Mtu akikumwaga damu, wajomba yako ndiyo wanakuja kudai mnyama, na hawaji na mikono mitupu, wanakuja na fimbo. Wajomba yangu wakasikia damu yao imemwagika Arua, wakapanda lori. Wajomba yake yeye wanakaa hapo tu nyuma ya kanisa ya Ediofe, nao wakasikia kichwa ya mtoto yao imepasuliwa na mwanamke Mkakwa. Wote wakachagua siku moja. Kawaida watu ya upande moja wanakuja kudai, ya upande ingine wanakaa kulipa. Hii mara wote walikuja kudai. Hakuna mtu alikuja kulipa.

Na mbuzi kwa nyumba yetu ilikuwa moja.

Wajomba yangu wakashika kamba ya shingo. Wajomba yake wakashika miguu ya nyuma. Wanatukanana, kila mtu kwa lugha yake, wenzao hawasikii neno, wanakasirikia sura tu. Mjomba yangu mkubwa akapigwa mpini wa jembe, vidole ikavunjika, nilisikia kutoka ndani, kach, kach. Mjomba yangu mdogo akauma sikio ya mtu, kipande ikabaki kwa meno, akaitema ndani ya maharage yangu. Wakavuta paa ya jikoni ikaanguka juu ya kuku. Moja akapiga mshale, ikapita hewani ikaingia kwa mlango, ikatetemeka hapo.

Mimi na bwana yangu tulikuwa nyuma ya huo mlango. Mbuzi ikakata kamba, ikaja kupiga mlango na kichwa. Nikafungua kidogo, ikaingia, nikafunga. Sasa tuko watatu ndani. Mbuzi inatetemeka. Bwana yangu, kichwa imefungwa shuka ya maua kama bibi harusi, akaiangalia, akaiambia kwa ile sauti ya kambi:

"Wewe. Kaa chini. Nyamaza."

Mbuzi ikakaa. Nakuambia ikakaa kabisa. Tulicheka mpaka kidonda yake ikafunguka tena, damu inaingia kwa macho na yeye anacheka, na mimi nacheka na ile shimo ya jino, na huko nje watu wanauana kwa sababu ya damu yetu. Halafu akapangusa uso. Akasema, "Ile siku na muuza tumbaku, ulisema nini? Nifundishe. Mimi pia nataka kucheka na wewe."

Watu wanasema niliolewa siku wazee walileta ng'ombe Abuku. Mimi nasema niliolewa siku hiyo, na shahidi ilikuwa mbuzi.

Hii hadithi Awindiri yote inaijua. Kwa harusi wananiita, Mama, tupe ile ya wajomba, nasimama, nafanya mpaka sauti ya mbuzi. Mjukuu alicheka, mdomo ikatoka damu, bado anacheka. Nikalala vizuri.

Jumamosi asubuhi nikamkuta nje anasugua sufuria. Zote mbili, na majivu, mpaka chini imekuwa nyeupe, na anaimba. Gauni yake ya kanisa iko kwa kamba. Nikauliza kuna nini.

"Bibi, umenisaidia," akasema. "Kumbe mapenzi inaweza kupita hapo hapo katikati ya ngumi. Yule wangu pia anapenda kucheka sana. Pengine sisi bado hatujafika kwa ile mbuzi."

Mdomo yangu hii ndiyo imemwambia apande pikipiki. Nikamwambia acha sufuria, kaa hapa. Nikamwambia ile ingine, ile kwa harusi hawaniiti kusema.

Bwana yangu alijifunza Kikakwa. Alijifunza haraka, alikuwa na kichwa mzuri hata na kovu yake. Mavuno iliyofuata tulikuwa tunachekeshana kwa mkeka kama watoto. Siku hizo zilikuwa tamu, sitadanganya. Lakini mtu akijifunza lugha yako hachagui, anachukua yote. Zamani akinipiga alinipiga kwa Kiswahili. Yale maneno ni ya kambi, ni ya kila mtu, hayaingii. Mimi naingia ndani ya Kikakwa yangu, nafunga, nakaa huko, namcheka huko, na ngumi yake inabaki nje. Sasa alianza kunipiga kwa Kikakwa. Alijua maneno mama yangu alinitukana nayo nikiwa mdogo. Alijua jina kwetu wanaita mwanamke mwenye mimba zake zinatoka, kwa sababu nilimfundisha mwenyewe, tukicheka. Ile nusu ilikuwa imejificha, nilimfungulia mlango mwenyewe. Hapakubaki mahali ambapo ni pangu.

Siku moja mchana, nikiwa na mimba kubwa, alinipiga teke kwa tumbo. Kwa nini, hata sikumbuki, nafikiri chumvi. Mtoto alitoka pale pale kwa sakafu. Mvulana. Alikuwa na kucha tayari. Bwana yangu akakimbia, akaenda kukaa na lori yake. Na mimi, mwanangu, nilifua. Nilifua nguo, nilifua mkeka, nikachukua kitambaa nikaosha ukuta. Nilifua haraka mtu asije. Wajomba wakisikia watakuja, na wakija watu watakumbuka ile mbuzi, watacheka, na mimi ile siku sikutaka mtu hata moja acheke. Basi hakuna mjomba alijua. Damu ilienda na maji ya sabuni mpaka kwa migomba, ikaisha.

Kesho yake nikafunga mama yako mgongoni, nikarudi Abuku.

Alinifuata. Kila siku ya soko Koboko alikuja akakaa kwa barabara mbele ya nyumba yetu, anaongea Kikakwa safi, anachekesha watu, mpaka kaka zangu wanacheka nyuma ya ukuta wakijificha nisiwaone. Mimi namjibu Kiswahili. Nenda. Hiyo tu. Na nilikuwa nampenda, usifikiri nilikuwa simpendi. Nilishika jembe Abuku mpaka mama yako akaolewa. Nilirudi hapa Awindiri siku nilisikia amepooza upande moja, mkono ya kulia haiwezi kuinua hata kikombe. Nikamlisha na kijiko, nikamgeuza, nikamwosha, mpaka akakufa. Watu wakasema, ona upendo. Ndiyo, ilikuwa upendo. Lakini nilingoja mkono ikufe kwanza.

Mjukuu alikuwa ameacha simu chini. Akaniuliza, na kwa mazishi ulilia nini? Nikamwambia nililia kwa sababu katika Arua hii yote hakuna mtu mwingine alikuwa anajua kunichekesha. Gauni ikakauka kwa kamba, hakuna mtu aliitoa.

Jumapili bwana yake akaja. Pikipiki imeoshwa, viatu vinang'aa, sukari na sabuni ndani ya kaveera, ile mfuko ya plastiki. Akapiga magoti kunisalimu, akaniita Bibi, akauliza miguu yangu namna gani. Mtu mzuri ya kuangalia, kweli. Mjukuu akatoka mpaka kwa mlango, akamwambia leo siendi. Bwana akatabasamu, akaomba tena. Mjukuu akamwambia sitaenda. Bwana akaomba mara ingine, sasa amesimama. Halafu nikaona uso inabadilika. Ile uso naijua, nimelala nayo.

Alipiga teke beseni yangu ya muhogo, ikaruka, muhogo yote kwa mchanga. Akamkamata mkono, akamvuta, bega ya nguo ikapasuka. Mimi nikashika shati yake nyuma, akanisukuma, nikaangukia kuni. Mjukuu akaona mimi niko chini. Akanyoosha mkono, akachukua panga ile napasulia kuni, akainua juu. Na macho yake, Mungu wangu, ilikuwa macho yangu siku ya mchi.

"Weka chini," nikamwambia.

Si huruma. Kichwa ya yule mwanaume ingepasuka, mimi ningelala usingizi mzuri. Lakini nilijua njia inaenda wapi. Angempiga, angemfunga kitambaa, wangecheka, na mimi ningezika mtoto. Nikamwambia tena, "Weka chini. Ukimpiga, kesho mtacheka pamoja."

Akaweka. Nikapiga ile yowe ya kwetu, ile ya mtu amekufa. Sijaipiga tangu bwana yangu. Awindiri ilitoka yote. Wanawake walikuja na miiko bado ina unga, jirani yangu alikuja na ubao wa kufulia, na huyo ndiye alianza. Alimpiga mgongo, alimpiga magoti, mwingine akampiga na ndala mdomoni, hapo hapo kwa mdomo. Wanaume wakataka kumalizia, nikasema inatosha. Akapanda pikipiki na kiatu moja, damu kwa meno, anapiga kelele kwamba atarudi, huyu ni mke yake, atarudi.

Ndiyo, atarudi. Nilijua, na mjukuu alijua.

Tukakaa chini tunaokota muhogo kwa mchanga, tunaosha moja moja. Analia bila sauti. Nikamwambia, mama, niahidi hutapanda ile pikipiki. Akasema, Bibi, siwezi kukuahidi roho yangu, roho yangu hata sasa inasikiliza kama pikipiki inageuka. Nikamwambia hiyo ndiyo uandike, hiyo ni kweli, achana na dirisha. Akacheka kidogo. Halafu akaacha muhogo, akashika mkono yangu na yake, zote zimelowa, akaniangalia hivi.

"Lakini hii naahidi, Bibi. Kama damu yangu imemwagika tena, hata tone moja, sitafua. Nitakuja nayo hivyo hivyo kwa barabara, mchana, watu wote waone, mpaka hapa kwako."